Si kila 'take' ni kuchukua: Kitenzi kifupi kinachowaponza watafsiri

MKUTANO wa hadhara 'utachukua nafasi' Jumamosi. Waziri mpya 'amechukua ofisi'. Ajali ya matatu 'imechukua maisha' ya abiria watano. Mgonjwa ameshauriwa 'kuchukua dawa' mara tatu kwa siku.

Sentensi za aina hii husikika redioni, husomwa katika taarifa zinazotumwa kwa vyombo vya habari na hujitokeza kwa wingi katika insha za wanafunzi. Maneno yake yote ni ya Kiswahili, na upatanisho wake wa kisarufi hauna kasoro. Hata hivyo, mzawa wa Mombasa, Lamu au Unguja akizisoma atahisi kwamba kuna jambo lisilokaa sawa.

Kisa na maana ni kuwa sentensi hizo zilifikiriwa kwa Kiingereza kabla ya kuandikwa kwa Kiswahili. Nyuma ya kila mojawapo kumejificha kitenzi kimoja, 'take', ambacho mwandishi amekigeuza kuwa 'chukua' pasi na kujiuliza kilikuwa na maana gani katika muktadha wake.

Kosa hili aghalabu huchukuliwa kuwa dogo, la kurekebishwa na mhariri kwa mpigo mmoja wa kalamu. Lakini yapo mahali ambapo kitenzi hicho kikifasiriwa vibaya, anayeumia ni mgonjwa aliye kitandani au mshtakiwa aliye kizimbani.

Asili ya kitenzi chenyewe

'Take' hakikuwa neno la Waingereza tangu jadi. Walikuwa na kitenzi chao, 'niman', ambacho ni ndugu wa 'nehmen' kinachotumiwa na Wajerumani hadi leo. Wavamizi na walowezi kutoka Skandinavia walipokita kambi kaskazini na mashariki mwa Uingereza, walileta kitenzi chao, 'taka', ambacho kilianza kuonekana katika maandishi ya Kiingereza kufikia karne ya 11.

Muda si muda, mgeni akamfukuza mwenyeji. 'Niman' kilififia na kubakiza athari chache tu, kama vile neno 'numb', lenye maana ya kufa ganzi, ambalo hapo awali lilimaanisha kiungo kilichotwaliwa na maradhi. 'Nimble', yaani mwepesi wa kutenda, pia linatokana na shina hilo.

Baada ya kupata makao, 'take' kilizidi kutanuka. Kiingereza kina vitenzi vichache vifupi ambavyo hubebeshwa kazi nyingi kupita kiasi. Katika toleo la pili la Kamusi ya Kiingereza ya Oxford, lililochapishwa mwaka wa 1989, kitenzi 'set' ndicho kilichokuwa na maelezo marefu zaidi, na katika marekebisho yaliyofuata kikapitwa na 'run'. 'Take' ni wa ukoo huo huo.

Kiswahili nacho kina vitenzi vyake vya aina hiyo. Mtu hupiga simu, hupiga pasi, hupiga kura, hupiga mbizi na hupiga chuku, na katika vitendo hivyo vyote hakuna aliyeumizwa. Vivyo hivyo, mtu hula kiapo, hula njama, hula hasara na hula chumvi nyingi bila kutafuna chochote.

Mwingereza akizitafsiri nahau hizo neno kwa neno atachekwa. Ajabu ni kwamba Mswahili anayetafsiri 'take' neno kwa neno hachekwi, bali huigwa.

Chukua ni kubeba

Ili kuelewa chanzo cha tatizo, ni sharti kwanza kutazama kitenzi 'chukua' chenyewe. Maana yake ya msingi ni kubeba au kuhimili uzito. Ndiyo sababu hamali wa bandarini huitwa mchukuzi, na wizara inayoshughulikia barabara, reli na bandari ikaitwa ya uchukuzi.

Kutokana na dhana hiyo ya kubeba, zilizuka maana nyingine ambazo ni za Kiswahili asilia. Matatu huchukua abiria 14. Mwanamke huchukua mimba. Mtu akivaa nguo ikampendeza, husemwa kwamba imemchukua. Watu wawili wanaopatana huchukuana, na wanaovumiliana kwa udhaifu wao huchukuliana. Katika Kiswahili cha zamani, mtu aliyewakimu wazazi wake alisemekana anawachukua.

Kwa hivyo, 'chukua' si kitenzi maskini. Kina upana wake, ila upana huo hauendi sambamba na ule wa 'take'. Vitenzi hivyo viwili hukutana mahali pamoja tu: pale kitu kinapotoka mahali kikaingia mkononi mwa mtu. Kwingineko, kila kimoja hushika njia yake.

Isitoshe, Kiswahili kina kitenzi kingine kilicho karibu zaidi na 'take' kuliko 'chukua', nacho ni 'twaa'. Katika mazungumzo ya kila siku ya wengi, hasa barani, kitenzi hiki kimesahauliwa. Hata hivyo, kimehifadhiwa vyema katika kurasa za michezo, ambapo timu hutwaa kombe na wanariadha hutwaa nishani. David Rudisha alitwaa dhahabu ya mbio za mita 800 jijini London mwaka wa 2012 kwa muda wa dakika 1 na sekunde 40.91, naye Faith Kipyegon akatwaa ya mita 1,500 katika Olimpiki tatu mfululizo: Rio, Tokyo na Paris.

Pale 'take' haina uzito

Mtego wa kwanza uko katika semi ambamo 'take' haina maana yoyote yake yenyewe. Mwingereza husema 'take a walk', 'take a bath', 'take a look', 'take a nap', 'take a rest'. Katika semi hizo, tendo limo katika nomino inayofuata. Kazi ya kitenzi ni kuonyesha wakati na mtendaji tu, mfano wa chungu kinachobeba mchuzi lakini chenyewe hakiliwi.

Kiswahili hakihitaji chungu hicho, kwa kuwa kina kitenzi mahususi kwa kila tendo: kutembea, kuoga, kutazama, kusinzia, kupumzika. Anayeandika 'alichukua mapumziko' ametumia maneno mawili kufanya kazi ya moja. Anayeandika 'tuchukue matembezi' amewaacha wasomaji wakijiuliza matembezi hayo yalikuwa yamewekwa wapi.

Hali ni hiyo hiyo kuhusu mkopo. Wengi husema 'kuchukua mkopo', na usemi huo umeenea hata katika matangazo ya benki. Si kosa kubwa, maana fedha hutoka mkono mmoja zikaenda mwingine. Lakini kitenzi 'kukopa' kipo, ni kifupi na kinaeleweka na kila mtu.

Kanuni hapa ni rahisi. Iwapo nomino inayoandama 'take' inataja tendo, mwandishi na aiache 'take' kando, atafute kitenzi cha tendo hilo.

Nomino huamua kitenzi

Mtego wa pili ni semi ambamo 'take' ina maana, ila maana hiyo hubadilika kulingana na jirani yake. Kiingereza hutumia kitenzi kimoja pale ambapo Kiswahili huchagua kwa makini.

Picha hupigwa. Mtihani hufanywa. Basi hupandwa. Kiti hukaliwa; mgeni haambiwi 'chukua kiti', labda kama anatarajiwa kuondoka nacho. Joto la mwili hupimwa. Kumbukumbu za mkutano huandikwa. Mateka hutekwa nyara. Silaha hushikwa. Mizizi huota. Rushwa huliwa.

Kiapo nacho huliwa. Aidha, Kiswahili hutofautisha hali mbili ambazo wanahabari huzichanganya: anayekula kiapo ni yule anayetamka maneno, ilhali anayeapisha ni ofisa anayemwongoza. Kwa hivyo rais huapishwa, na papo hapo hula kiapo. Baada ya hapo 'hachukui ofisi', kwani ofisi ni jengo au chumba. Huingia mamlakani, hushika hatamu za uongozi au huanza kuhudumu.

'Take place' ndiyo inayoongoza kwa kuwapotosha waandishi. Maana yake ni kufanyika au kutokea, basi. 'Kuchukua nafasi' ni usemi halali wa Kiswahili, lakini una maana tofauti kabisa: kushika mahali palipoachwa na mwingine. Naibu huchukua nafasi ya mkuu aliyestaafu. Mchezaji wa akiba huchukua nafasi ya aliyejeruhiwa. Msomaji akielezwa kwamba mkutano utachukua nafasi, ana haki ya kuuliza: nafasi ya nini?

Vifo pia vinahitaji uangalifu. Kiingereza husema ajali 'ilichukua' maisha, na mtu aliyejiua 'alichukua' maisha yake mwenyewe. Kwa Kiswahili, ajali husababisha vifo, huua au huangamiza. Mtu hujiua, au kwa lugha ya staha, hujitoa uhai. 'Alichukua maisha yake' yaweza kufasiriwa kuwa alikusanya virago vyake akahama.

Kuna mfano mwingine ambao huwachekesha wahariri. Wakenya wanapozungumza Kiingereza hupenda kusema 'take tea' badala ya 'drink tea', na kutoka hapo ukazuka usemi 'kuchukua chai'. Tatizo ni kwamba chai, katika lugha ya mitaani nchini, pia ni hongo. Mwandishi anayeripoti kwamba ofisa wa polisi alichukua chai pamoja na wenyeji huenda amemshtaki mtu asiye na hatia. Angeandika kwamba alikunywa chai, jina la ofisa lingesalimika.

Vijineno vinavyogeuza mambo

Mtego wa tatu, na ulio mgumu zaidi, ni vijineno vinavyoambatanishwa na 'take'. Kiingereza huongeza 'off', 'in', 'on', 'up' au 'over', na papo hapo maana hugeuka.

Mathalani, 'take off'. Ndege ikifanya hivyo, inapaa. Mtu akifanya hivyo kuhusu shati, analivua. Biashara ikifanya hivyo, inashika kasi. Mwizi akifanya hivyo, anatoroka. Mfanyakazi akifanya hivyo kuhusu siku, anaomba ruhusa ya kutokuja kazini. Anayemfanyia hivyo mwenzake jukwaani anamwigiza kwa mzaha.

'Take in' nayo ni kumpa mtu hifadhi, kumhadaa, kupunguza nguo iliyopwaya au kuelewa linalosemwa. 'Take on' ni kuajiri, kukabiliana na mpinzani au kubeba jukumu. 'Take over' ni kupokea usukani kwa amani au kunyakua mamlaka kwa nguvu, na tofauti kati ya hayo mawili ni tofauti kati ya uchaguzi na mapinduzi. 'Take after' ni kufanana na mzazi kwa sura au tabia.

Kiswahili hakitumii mbinu hii. Pale ambapo Kiingereza huongeza kijineno baada ya kitenzi, Kiswahili ama hubadilisha kitenzi chote au huongeza viambishi mwishoni mwake. Ndivyo kutoka 'chukua' tunavyopata chukulia, chukuana, chukuliana na chukuza. Mtafsiri anayetafuta neno la Kiswahili la kila kijineno cha Kiingereza anatafuta milango katika nyumba iliyojengwa kwa ramani nyingine.

Nahau ndizo humwumbua zaidi mtafsiri. 'Take to one's heels' haihusu visigino. Ni kutimua mbio au kuchana mbuga. 'Take someone for a ride' haina safari ndani yake. Ni kumlaghai mtu au kumpiga changa la macho. Anayeambiwa alipokee jambo kwa chembe ya chumvi hatakiwi kwenda jikoni, bali anaonywa asiliamini kikamilifu. Naye anayehimizwa 'take heart' anaambiwa ajipe moyo.

Kwenye maisha na sheria

Hayo yote yangekuwa mjadala wa wapenzi wa lugha tu lau si mambo mawili.

La kwanza ni afya. 'Kuchukua dawa', kwa Kiswahili cha kawaida, ni kwenda kuzipokea kliniki au kwenye duka la dawa. Kuzitumia ni jambo jingine: tembe humezwa, dawa ya maji hunywewa, ya macho hutiwa, ya ngozi hupakwa, ya pumu huvutwa. Mtu anayetibiwa kifua kikuu cha kawaida huhitaji kumeza dawa kwa muda wa miezi sita bila kukatiza. Anaweza kuzichukua zote na asizimeze.

Mhudumu wa afya akiuliza, 'Unachukua dawa?' naye mgonjwa akajibu, 'Ndiyo, huchukua kila mwezi', kila mmoja ataondoka akidhani ameelewana na mwenzake. Swali lililofaa lilikuwa, 'Unameza dawa kila siku?'

La pili ni haki mahakamani. Sehemu ya 268 ya Sheria ya Adhabu ya Kenya, inayofafanua wizi, imejengwa juu ya kitenzi 'take'. Lakini sheria haisemi kwamba kila anayechukua ameiba. Inamtaja anayechukua kwa nia ya ulaghai na bila haki yoyote ya kukidai kitu hicho. Maneno hayo ya ziada ndiyo yanayomtenganisha mwizi na mtu aliyebeba baiskeli ya nduguye akidhani ameruhusiwa.

Sasa tuchukulie kwamba mkalimani amefupisha mashtaka na kumwambia mshtakiwa, 'Unadaiwa ulichukua baiskeli. Ni kweli au si kweli?' Mtu mkweli aliyeichukua kwa nia njema atajibu, 'Ni kweli.' Au tuseme mshtakiwa amesema 'niliichukua', mkalimani akaifikisha kwa hakimu kama 'niliiba'. Katika hali zote mbili, mtu amekiri kosa ambalo huenda hakulitenda.

Sheria inatambua hatari hii. Kifungu cha 50 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya kesi haki ya kupata mkalimani bila malipo. Kifungu cha 49 kinataka anayekamatwa aelezwe sababu upesi katika lugha anayoielewa. Sehemu ya 207 ya Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai inaagiza kwamba mshtakiwa akikiri, kukiri kwake kuandikwe kwa maneno yaliyo karibu iwezekanavyo na yale aliyoyatumia mwenyewe. Mnamo 1973, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilisisitiza kwamba mashtaka pamoja na viungo vyote muhimu vya kosa sharti yaelezwe katika lugha ambayo mshtakiwa anaielewa.

Masharti hayo hayawezi kutimizwa na mkalimani anayeamini kwamba kila 'take' ni kuchukua, na kila kuchukua ni kuiba. Hata hatua yenyewe ya kesi, ambayo mawakili huiita 'take plea', haihusu kuchukua chochote. Ni kujibu mashtaka.

Yaliyokubalika

Si haki, hata hivyo, kulaani kila usemi uliotokana na 'take'. Lugha hai hukopa, na baadhi ya mikopo hugeuka kuwa mali halali. 'Kuchukua hatua' umezoeleka kiasi kwamba hakuna msomaji anayeshtuka akiuona, na kamusi za kisasa zimeukubali. 'Kujichukulia sheria mkononi' pia umekita mizizi, na umepata ladha ya Kiswahili kwa kutumia viambishi viwili vya lugha yenyewe, yaani 'ji' cha kujirejelea na 'li' cha kutendea.

'Kuchukua muda' uko katikati ya njia. Wapo wanaoutetea kwa hoja kwamba kazi hubeba muda kama vile gari linavyobeba abiria, na wapo wanaopendelea kusema kwamba kazi itahitaji muda. Yeyote kati yao haharibu maana.

Hiki ndicho kipimo kinachofaa. Usemi mpya ukieleweka bila utata, na ukiwa hauui usemi bora uliokuwepo, hakuna haja ya kuupiga vita. Lakini ukimfanya msomaji akisie, au ukibatilisha maana ambayo usemi huo ulikuwa nayo tayari, kama ilivyo kwa 'kuchukua nafasi', basi unadhuru.

Kwa mwandishi, mwanafunzi, muuguzi na mkalimani wa mahakama, swali la kujiuliza kabla ya kuandika au kutamka 'chukua' ni moja: je, kuna kitu kilichotoka mahali kikashikwa au kikabebwa? Ikiwa kipo, 'chukua' kinafaa. Ikiwa hakipo, kitenzi sahihi bado kinasubiri kutafutwa, na mara nyingi ni neno ambalo mwandishi alilijua tangu utotoni, kabla hajafundishwa Kiingereza.